SKRUBU ILIYOKWAMA MLINGOTINI
Jinsi ya Kuitoa bila Kuharibu Chombo

Kati ya kazi zote za kutunza chombo cha tanga, iko moja ionekanayo ndogo kabisa, nayo ni kufungua skrubu. Mtu hushika bisibisi, akaitia katika mfuo wa skrubu, akazungusha mkono. Skrubu ikifunguka, kazi imekwisha kwa dakika moja. Lakini ikiwa imekaa miaka kadhaa katika upepo wa chumvi, huenda isitikisike hata kidogo. Basi mwenye kushindana nayo kwa nguvu huvunja kichwa chake, na kazi ya dakika moja ikawa kazi ya siku mbili.

Makala hii yaeleza kwa nini skrubu hukwama, jinsi ya kuitoa kwa salama, na jinsi ya kuirudisha ili isikwame tena. Haikuandikwa kwa mabaharia peke yao. Mkulima mwenye plau, mwenye baisikeli, na mwenye mashine ya kusagia mahindi huko bara, wote hukutana na jambo hili. Ila baharini ubaya wake ni mkubwa zaidi, kwa sababu chumvi hufanya kazi yake usiku na mchana, na tena kifaa kibovu kisichofunguliwa mapema huweza kuhatarisha maisha ya watu.

KIJANA NA SKRUBU YA NNE

Miaka kadhaa iliyopita, katika hori moja kaskazini ya Mombasa, mwandishi wa makala hii alimtazama kijana mmoja akitengeneza mashua ya tanga. Mlingoti wake haukuwa wa mti kama milingoti ya majahazi yetu, bali ulikuwa wa aluminiamu, kama ilivyo desturi ya mashua nyingi za siku hizi. Karibu na shina la mlingoti palikuwa na kapi lipitishalo henza, yaani kamba ya kupandishia tanga. Gurudumu la kapi hilo lilikuwa limelika upande mmoja, hata kamba ikaanza kuingia kati ya gurudumu na ubavu wa kapi, ikabanwa humo.

Asiyezoea bahari huenda akaona kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini tanga likiwa juu, na upepo wa kusi ukazidi ghafula, henza ikibanwa tanga haliteremki. Chombo chenye tanga zima katika upepo mkali hulala ubavu, na waliomo hawana la kufanya ila kukata kamba, kama wakiweza kuifikia. Kwa hiyo kijana yule alifanya vema kutaka kulibadili kapi kabla ya majira ya kusi kuingia.

Kapi lilishikwa na skrubu nne za chuma kisichoshika kutu. Tatu zilitoka kwa shida kidogo. Ya nne ikakataa. Kijana akaikazania, bisibisi ikaruka nje ya mfuo mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, hata mfuo ukawa duara laini lisiloshikika. Akatoboa tundu katikati ya skrubu, akaingiza king'oleo, akazungusha kwa nguvu zake zote. King'oleo kikakatika ndani. Sasa palikuwa na chuma kigumu kuliko keekee yake, kimejificha ndani ya skrubu iliyokwama.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa karibu akamwambia, "Mwanangu, skrubu ilikuambia mapema kwamba haitaki. Ni wewe uliyekataa kusikia." Kazi ile ilichukua siku mbili, na tundu la mlingoti likapanuliwa kuliko lilivyokuwa.

CHANZO CHA KUKWAMA

Watu wengi hudhani kwamba skrubu imekwama kwa sababu ilikazwa mno. Mara nyingi sivyo. Skrubu iliyokazwa na mkono wa mtu huweza kufunguliwa na mkono wa mtu. Kinachoishika ni kitu kilichoota baadaye kati ya hesi zake na kuta za tundu.

Kila mtu ameona betri ya tochi. Ndani yake mna vitu viwili mbalimbali, navyo vimetiwa kati dawa ipitishayo umeme. Kimoja huliwa polepole, na umeme ukapatikana. Basi metali mbili mbalimbali zikigusana na kuloweshwa na maji ya bahari, hufanya betri ndogo vivyo hivyo, na metali moja huliwa. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na aluminiamu, iliwayo ni aluminiamu. Hugeuka kuwa unga mweupe, na unga huo hujaa katika hesi.

Ubaya wa unga huo ni kwamba huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Mfano wake ni kama maharage makavu yaliyojazwa chupani kisha yakatiwa maji: huvimba, hayana pa kwenda, yakabanana hata chupa yaweza kupasuka. Ndivyo skrubu inavyobanwa pande zote na gamba gumu. Kutu nyekundu ya chuma cha kawaida hufanya vivyo hivyo katika misumari ya jahazi na katika bolti za plau.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba, ili kuzuia wadudu wa bahari watobozao mbao. Ilikwenda visiwa vya Karibi, na mwaka 1763 ilipokaguliwa, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilionekana imeliwa vibaya. Lakini palikuwa na misumari mingine iliyosalimika, na wakaguzi waliona kwamba kati yake na shaba palibaki karatasi iliyokuwa imefungiwa mabamba yale. Karatasi tu! Tutarudi kwenye karatasi hiyo mwishoni, kwa maana siri ya skrubu isiyokwama imo ndani yake.

MASWALI MATATU KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

La kwanza: Skrubu hii inashika nini? Ikiwa ni ya kifaa kinachoshika mlingoti usianguke, isifunguliwe hata kidogo mpaka mlingoti umefungwa kwa kamba nyingine na uzito umeondolewa. Ikiwa iko chini ya mstari wa maji, chombo kipandishwe pwani kwanza. Tundu dogo la skrubu lapitisha maji ya kutosha kuzamisha mashua usiku mmoja. Ikiwa iko juu mlingotini, kila chombo cha kazi kifungwe kwa uzi mkononi au kiunoni, wala mtu asisimame chini.

La pili: Ni metali gani mbili zinazogusana? Unga mweupe waonyesha aluminiamu. Unga mwekundu, chuma. Rangi ya kijani, shaba. Kujua hayo kutakusaidia kuamua mahali pa kupasha moto.

La tatu: Nyuma yake kuna nini? Mara nyingine upande wa pili kuna nati, na kuishika nati kwa spana ni rahisi kuliko kuhangaika na kichwa. Mara nyingine, ndani ya mlingoti, mna nyaya za taa, nazo zisitobolewe.

KAZI YENYEWE

Kwanza, safisha. Ondoa rangi, chumvi na uchafu katika mfuo wa skrubu kwa msumari wenye ncha kali, mpaka bisibisi ikae hata chini kabisa. Kisha chagua bisibisi ya kipimo sawasawa. Skrubu za msalaba zina vipimo mbalimbali, na bisibisi ndogo ndani ya mfuo mkubwa ndiyo iharibuyo vichwa vingi kuliko kitu kingine chochote. Bisibisi iliyochakaa ncha isitumike kabisa katika kazi hii.

Pili, tia mafuta. Yako mafuta membamba yauzwayo madukani kwa kazi hii, yapenyayo katika nafasi ndogo sana. Tia kidogo, ngoja, tia tena; jioni, na tena asubuhi. Mtu akitia mafuta na kuanza kuzungusha papo hapo, amepoteza mafuta yake. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, gonga. Weka bisibisi ngumu katika mfuo, uigonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa, kwa pigo kavu lisilo zito mno. Gamba lile ni kitu kikavu chenye kuvunjika; mtikisiko hulitia nyufa, na mafuta hupata njia. Iko pia bisibisi ya kugongwa, ambayo kila ipigwapo nyundo hujizungusha kidogo. Chombo hiki husukuma skrubu ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja, hata bisibisi haina nafasi ya kuruka nje. Mwenye kazi nyingi za namna hii na ajipatie kimoja. Lakini palipo na mbao nyembamba au ubavu wa nyuzi za kioo, gonga kwa hadhari, usije ukapasua chombo kwa ajili ya skrubu.

Nne, pasha moto. Metali zote hutanuka zipatapo moto, lakini si sawasawa. Fimbo ya aluminiamu yenye urefu wa meta 1, joto lake likizidi kwa nyuzi 100 za sentigredi, hurefuka kwa milimita 2.3 hivi. Fimbo ya chuma kisichoshika kutu hurefuka kwa milimita 1.6 hivi, na ya chuma cha kawaida kwa milimita 1.2 hivi. Kwa hiyo skrubu ya chuma ikiwa ndani ya aluminiamu, zipashwapo moto pamoja tundu hutanuka kuliko skrubu. Tofauti katika skrubu ndogo ni chache kuliko unene wa unywele, lakini yatosha kulivunja gamba.

Moto huo si lazima uwe wa miali. Birika la maji yachemkayo, likimiminwa polepole juu ya aluminiamu iliyoizunguka skrubu, hufaa mara nyingi. Au mashine ipulizayo hewa ya moto. Moto wa gesi una hatari mbili. Ya kwanza, aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, nayo hupoteza nguvu zake mapema sana kabla ya hapo. Mtu huweza kuudhoofisha mlingoti asijue. Ya pili, mafuta uliyotia jana hushika moto. Basi futa mafuta kwanza, pasha moto, kisha tia mafuta mapya pakiisha kupoa. Rudia kupasha na kupoza mara tatu au nne.

Tano, zungusha, lakini anza kwa kukaza. Ajabu hii ina maana yake: kuikaza skrubu kidogo mno, kama nywele tu, huvunja gamba upande ambao halijazoea. Kisha fungua kidogo. Ikisogea robo duara, usifurahi ukaivuta yote. Irudishe, tia mafuta, ifungue nusu duara, irudishe tena. Unga uliovunjika wahitaji nafasi ya kutoka, la sivyo utaibana skrubu njiani.

Na hapa ndipo penye shauri kubwa kuliko yote. Mara ya kwanza bisibisi inaporuka nje ya mfuo, simama. Usijaribu mara ya pili kwa njia ile ile. Rudi kwenye mafuta, nyundo na moto. Kijana wetu wa skrubu ya nne alipoteza siku mbili kwa sababu hakusimama dakika moja.

KICHWA KIKISHA HARIBIKA

Ikiwa kichwa kimejitokeza nje, chukua msumeno wa chuma ukakate mfuo mpya mmoja ulionyoka, kisha tumia bisibisi pana. Au tengeneza pande mbili za kichwa kwa tupa ziwe bapa, uzishike kwa spana au kwa koleo la kujifunga.

Ikiwa kichwa kimezama, njia iliyo bora ni kukikata kichwa peke yake. Pima unene wa skrubu chini ya kichwa. Kama ni milimita 6, chukua ncha ya keekee ya milimita 6. Tia alama katikati kwa chuma chenye ncha kali, ili keekee isiteleze, kisha toboa mpaka kichwa kitengane. Kifaa kitaondoka, na kipande cha skrubu kitabaki kimesimama nje ya mlingoti. Wengi huona hapo kwamba wameharibu, kumbe wamepata faida: sasa hakuna kinachokivuta kipande kile, mafuta yaingia pande zote, moto wafika penyewe, na koleo lapata mahali pa kushika. Mara nyingi hutoka bila vita.

Kutoboa chuma kisichoshika kutu kuna sheria yake. Chuma hicho kikisuguliwa bila kukatwa huzidi kuwa kigumu. Kwa hiyo keekee izunguke polepole, mkono ukandamize kwa nguvu, na mafuta yatiwe daima. Ukiona hakitoki chuma ila moshi, acha. Ncha imekufa, na ukiendelea utaugeuza uso wa skrubu kuwa mgumu kama kioo. Vaa miwani ya kukinga macho, maana jicho halina la akiba.

Kipande kikikatikia ndani kabisa, hapana budi kutoboa katikati yake. Kwa skrubu ya milimita 6 yenye hesi za kawaida, anza na ncha ya milimita 3, kisha upanue polepole hata milimita 5. Tundu likiwa katikati kweli kweli, kitakachobaki ni uzi mwembamba wa hesi, nao huvutwa nje kwa koleo dogo. Likienda upande, panua tundu hadi milimita 6.8, ukate hesi mpya za skrubu ya milimita 8. Au sogeza kifaa kidogo juu ya mlingoti, ukatoboe matundu mapya palipo pazima.

Na king'oleo? Ni chombo kizuri kwa skrubu iliyovunjika kwa kukazwa mno. Kwa skrubu iliyoshikwa na gamba hakifai sana, kwa kuwa ni chembamba kuliko skrubu yenyewe. Ikiwa skrubu nene ilikatika kabla ya kuzunguka, kijiti chembamba kilicho ndani yake kitaweza nini? Kitumie baada ya mafuta na moto, wala si badala yake, na kikianza kujipinda, acha.

Neno moja zaidi juu ya nati ya chuma kisichoshika kutu iliyo juu ya bolti ya chuma hicho hicho. Hizo hushikana kwa njia nyingine: zikizungushwa upesi bila mafuta, nyuso zake hukwaruzana hata zikawa kama kitu kimoja. Hapo mafuta na moto havifai sana. Nati na ikatwe. Dawa yake ni kutia grisi mapema na kuzungusha polepole.

KURUDISHA SKRUBU

Sasa turudi kwenye karatasi ya manowari Alarm. Karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote. Ilifanya jambo moja tu: ilizizuia metali mbili zisigusane. Siku hizi hatutumii karatasi, lakini kazi ni ile ile.

Safisha tundu, na skrubu mpya uipake hesi zote kwa grisi nzito isiyooshwa na maji. Mafuta ya sufu ya kondoo, yaitwayo lanolini, ni mazuri. Pia ziko grisi zilizotengenezwa hasa kwa vyombo vya baharini. Chini ya kifaa weka kipande chembamba cha plastiki kilichokatwa sawasawa na umbo lake, na chini ya kichwa cha skrubu weka washa ya plastiki. Kisha kila mwaka, kabla ya kusi, fungua skrubu za vifaa vikubwa moja moja, uzipake grisi, uzirudishe. Skrubu ifunguliwayo kila mwaka haikwami.

Wasomaji wa bara nao wana sehemu yao katika somo hili. Chuma cha kiti cha baisikeli kilicho cha aluminiamu ndani ya fremu ya chuma hukwama kwa sababu ile ile, kwa jasho na mvua badala ya bahari. Kipakwe grisi siku ya kununuliwa. Bolti za plau zipakwe mafuta mwisho wa majira ya kulima, wala si siku ile mvua zimefika na ng'ombe wamekwisha fungwa nira.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidole kimoja cha grisi ndicho kizibo cha ufa huu. Na yule ambaye grisi yake ilisahauliwa na mtu mwingine zamani, naye amekwisha kukutana na skrubu isiyotikisika, na akumbuke maneno ya fundi mzee: skrubu husema mapema. Kazi ya fundi ni kusikia.